Kufika kwanza na kushinda: maneno ya mashindano ya kuogelea

Jumapili moja jioni, katika ukumbi wetu wa mapumziko, frateri mmoja alituwekea video ya fainali ya mita 100 mtindo wa kipepeo kutoka Olimpiki ya Beijing ya mwaka 2008. Mbio zenyewe hazikufika hata dakika moja. Ubishi uliofuata ulikula karibu saa nzima. Nusu ya ukumbi iliapa kwamba Milorad Čavić wa Serbia ndiye aliyefika kwanza, lakini ubao ulimpa ushindi Michael Phelps wa Marekani, sekunde 50.58 kwa 50.59. Tukamgeukia mwenzetu aliyekulia Ukerewe, ambaye anaogelea tangu utotoni, atuamulie. Akacheka: “Ziwani tunaogelea ili tufike ng’ambo. Hayo ya ukuta mimi siyajui.”

Hapo tukagundua kwamba sote tulikuwa tunabishana juu ya mchezo ambao hatuyajui hata maneno yake. Tumeyatafuta baadaye, na tunayaeleza hapa kwa faida ya wote wanaoutazama mchezo huu kama tulivyoutazama sisi.

Tuanze na bwawa. Bwawa refu lina mita 50, na ndilo linalotumika katika Olimpiki. Bwawa fupi lina mita 25. Mtu anaweza kudhani kwamba mita 100 ni mita 100 popote, lakini sivyo. Katika bwawa refu mwogeleaji wa mita 100 hugeuka mara moja tu, katika bwawa fupi hugeuka mara tatu, na kila anapogeuka huusukuma ukuta kwa miguu na kupata kasi ambayo mikono yake peke yake haimpi. Kwa hiyo muda wa bwawa fupi huwa mdogo zaidi, na rekodi za mabwawa haya mawili huandikwa mbalimbali.

Bwawa hugawanywa kwa kamba zenye maboya, na kila sehemu huitwa njia (wengine husema leni). Maboya yale hupunguza mawimbi yasivuke kutoka kwa mwogeleaji mmoja kwenda kwa mwingine. Mwenye muda bora katika mchujo hupewa njia ya 4, anayemfuata njia ya 5, kisha 3, 6, 2, 7, 1, na wa mwisho njia ya 8. Ndiyo maana katika fainali waogeleaji mara nyingi huonekana kama ncha ya mshale. Na vile vibendera vinavyoning’inia juu ya maji mita 5 kabla ya ukuta ni kwa ajili ya wanaoogelea chali: hawauoni ukuta, basi wakiviona vibendera huanza kuhesabu mikono iliyobaki.

Muda wa kufuzu ni ule ambao mwogeleaji lazima aufikie ili aruhusiwe kushiriki. Hata hivyo, Olimpiki hutenga nafasi chache kwa nchi ambazo mchezo huu haujakua, bila kudai muda huo. Kwa njia hiyo Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta alifika Sydney mwaka 2000 kuogelea mita 100 mtindo huru. Kabla ya hapo hakuwa ameona bwawa la mita 50. Katika mchujo wake walikuwa watatu. Waogeleaji husimama juu ya kibao cha kurukia, mwamuzi huwaambia wajiweke tayari, wote hutulia kabisa, kisha hutolewa ishara. Wenzake wawili waliruka kabla ya ishara, nao wakaondolewa palepale. Leo pia ndivyo ilivyo, hakuna onyo la kwanza. Ukiona kwenye televisheni herufi DSQ mbele ya jina la mtu, maana yake ameondolewa. DNS ni hakuanza, na DNF ni hakumaliza.

Moussambani akabaki peke yake ndani ya maji, mbele ya maelfu ya watu. Mita za mwisho alikuwa karibu kuzama kwa uchovu, na uwanja mzima ukasimama kumshangilia mpaka akafika. Muda wake ulikuwa dakika 1 na sekunde 52.72, bingwa wa mbio hizo, Pieter van den Hoogenband wa Uholanzi, alitumia sekunde 48.30. Moussambani alikuwa wa kwanza katika mchujo wake, lakini hakuendelea, kwa sababu katika mchujo wa kuogelea kinachotazamwa ni muda wa waogeleaji wote kwa pamoja. Nafasi aliyoshika mtu katika kundi lake haimvushi. Kwetu tuliozoea kuhesabu nani mbele, nani nyuma, hili lilichukua muda kuingia akilini.

Mitindo ni minne. Mtindo wa chura huenda kwa kifua, mikono na miguu ikifanya kazi kwa pamoja. Kipepeo hurusha mikono yote miwili mbele kwa wakati mmoja, juu ya maji. Chali unaeleweka. Mtindo huru, au fristaili, kwa sheria ni mtindo wowote mtu autakao, ila kwa kuwa kupokezana mikono kifudifudi ndiko kwenye kasi zaidi, wote huchagua huo. Mtu mmoja akiogelea mitindo yote minne katika mbio moja, hiyo ni medle, naye huanza na kipepeo. Medle ya kupokezana, ya watu wanne, huanza na chali. Sababu ni rahisi: mwogeleaji wa chali huanzia ndani ya maji, na angekuwa wa pili, mwenzake anayemaliza angemkuta amekaa palepale anapotakiwa kugusa.

Kuna pia kanuni ya mita 15. Chini ya maji, kwa kupiga miguu kama pomboo, mtu huweza kwenda kasi kuliko juu. Huko Seoul mwaka 1988 Mmarekani David Berkoff aliogelea zaidi ya nusu ya urefu wa bwawa bila kuibuka, katika mbio za chali! Sheria ikabadilishwa. Siku hizi, katika chali, kipepeo na mtindo huru, kichwa lazima kitokeze kabla ya mita 15 kwisha.

Sasa turudi kwenye ukuta, maana ndiko kulikotugombanisha. Katika chura na kipepeo mwogeleaji lazima auguse ukuta kwa mikono miwili kwa wakati mmoja, wakati wa kugeuka na wakati wa kumaliza. Mkono mmoja ukitangulia, anaondolewa. Mwishoni anagusa bamba la kielektroniki, na saa husimama bamba linapobonyezwa. Huko Beijing, Čavić alinyoosha mikono na kuteleza hadi ukutani. Phelps alikuwa nyuma, akaongeza pigo moja la mikono, akalipiga bamba kwa nguvu. Serbia ililalamika, picha zikapitiwa, matokeo yakabaki yaleyale. Macho yetu yalitazama vidole na kichwa. Bamba lilijibu swali moja tu: nani amebonyeza kwanza?

Je, basi chombo kikiwa makini zaidi, haki nayo huongezeka? Kwa sisi wanafunzi wa falsafa swali hilo lilitunogea kuliko mbio zenyewe. Munich, mwaka 1972, mita 400 medle: Gunnar Larsson wa Sweden na Tim McKee wa Marekani walifungana kwa muda wa mia za sekunde. Waamuzi wakatazama elfu za sekunde, Larsson akapewa dhahabu kwa tofauti ya elfu 2 za sekunde. Kwa kasi yao hiyo ni kama milimita 3. Lakini hakuna fundi awezaye kujenga bwawa ambalo njia zake zote zinalingana hadi milimita 3, na sheria yenyewe huruhusu ziada ya sentimita chache. Huenda McKee aliogelea umbali mrefu zaidi. Baada ya hapo elfu zikaachwa, na wanaofungana kwa mia za sekunde huhesabiwa sawa. Sydney, katika mita 50 mtindo huru, Anthony Ervin na Gary Hall mdogo, wote wa Marekani, waligusa kwa sekunde 21.98, na wote wawili wakavishwa dhahabu.

Zimebaki herufi mbili mbili: WR ni rekodi ya dunia, OR ni rekodi ya Olimpiki. Tulipokuwa tukitafuta maana ya OR tukakuta kwamba katika mchujo wa mbio zilezile za Beijing rekodi hiyo iliwekwa na Mkenya, Jason Dunford, kwa sekunde 51.14, kabla Čavić hajaivunja katika mchujo huohuo. Dunford alifika fainali, Mkenya wa kwanza kufanya hivyo katika kuogelea kwenye Olimpiki, akawa wa tano. Tukairudia video. Kumbe alikuwemo muda wote, na saa nzima ya ubishi hakuna hata mmoja wetu aliyemwona.