Pikapu mpya ya koperative: tuchague kiungio gani cha rimoki?



Koperative ikipata pikapu mpya, swali lingine linakuja haraka: rimoki tutaivuta kwa namna gani? Gari peke yake haibebi mavuno yote, na kila safari ya ziada inakula mafuta. Lakini kiungio kisichofaa kinaweza kumaliza kwa siku moja gari ambayo wote tulichangia, na shofere pamoja nayo. Basi tuelewane mbele komite haijatoa feza.

Aina tatu za kiungio

Bule. Ni kichwa cha chuma cha mviringo, kinafungwa nyuma ya gari chini ya bampa. Ndiyo inaonekana sana kwenye pikapu. Muangalie kipimo: rimoki za Ulaya zinatumia bule ya milimita 50, za Marekani nyingi zinatumia ya milimita 50,8 ao 58,7. Rimoki ya Marekani ikikaa juu ya bule ya milimita 50 inacheza, na inaweza kuruka njiani.

Ndoana na pete. Rimoki ina pete nzito ya chuma, gari ina ndoana yenye kujifunga. Majeshi wanaitumia sana, maana pete inageuka pande zote hata gari ikiinama kwenye mashimo. Inapiga kelele, lakini inavumilia barabara mbaya.

Seleti. Ni kama ile ya malori makubwa ya semi-rimoki yanayotoka Mombasa na Dar es Salaam. Kwenye pikapu inafungwa ndani ya karoseri, juu ya ekseli ya nyuma. Kule Marekani wanaitumia kwa pikapu kubwa zenye kuvuta nyumba za safari na mifugo. Uzuri wake ni huu: uzito unakaa juu ya ekseli, kwa hiyo rimoki haiyumbi sana. Ndiyo sababu watu wengi wanaitamani.

Uzito haupotei

Rimoki haivutwi tu, inakaa pia juu ya gari. Kwa bule, karibu asilimia 10 ya uzito wa rimoki iliyojaa inakandamiza gari. Kwa seleti ni asilimia 15 mpaka 25. Uzito huo ni sehemu ya mzigo ambao gari inaruhusiwa kubeba, sawa na magunia.

Tufanye hesabu. Tuseme pikapu ya milango mine ina PTAC ya kilo 2 900, na tupu ina kilo 1 950. Inabaki kilo 950 za kubeba.

Kwa bule: rimoki ya kilo 1 500 inakandamiza kilo 150. Watu watatu na kiungio ni kilo 220. Zinabaki kilo 580 za magunia ndani ya gari. Kama rimoki tupu ina kilo 400, mazao yote ni kilo 1 680.

Kwa seleti: rimoki ya kilo 3 000 inakandamiza kilo 600. Watu na seleti yenyewe ni kilo 270. Ndani ya gari zinabaki kilo 80 tu. Kama rimoki tupu ina kilo 900, mazao yote ni kilo 2 180.

Tumepata kilo 500 zaidi za mazao. Lakini gari na rimoki vilikuwa na kilo 4 250 pamoja, sasa vina kilo 5 300. Tumeongeza zaidi ya tani moja ya kuvuta na ya kusimamisha. Muwaze mlima wa Ngomo, kati ya Kamanyola na Nyangezi: kupanda ni mateso ya injini, kushuka ni mateso ya freni.

Iko tena shida ya nafasi. Karoseri ya pikapu ya milango mine ni fupi, na kwenye kona kali pembe ya rimoki inaweza kugonga kabini. Tena gari ya koperative haivuti rimoki kila siku. Kesho inabeba mbegu, kesho kutwa mgonjwa, na seleti iko palepale katikati.

Shauri letu

Kwa pikapu ya kawaida na barabara zetu za udongo, tuchague bule, ao ndoana na pete kama njia ina mashimo mengi. Seleti tuiachie gari kubwa yenye karoseri ndefu na PTAC ya kutosha.

Mbele ya kununua, muombe namba nne: PTAC ya gari, PTRA (uzito wa gari na rimoki pamoja), uzito wa rimoki unaoruhusiwa, na uzito ambao kiungio kinaweza kubeba. Ile ndogo ndiyo inaamuru. Kiungio cha tani 3 hakifanyi gari iwe ya tani 3.

Mufuate pia haya:

– Kiungio kifungwe kwa bulo kwenye shasi, hapana kwenye bati.
– Rimoki inayopita kilo 750 ikijaa iwe na freni zake yenyewe.
– Minyororo miwili ipite chini ya kiungio kwa kukatana, ili ishike rimoki ikichomoka.
– Magunia, karibu asilimia 60 yakae mbele ya ekseli ya rimoki. Yakijaa nyuma, rimoki inainua gari na inaanza kuyumba.
– Kushuka mlima, vitesi kidogo tangu juu. Musingoje freni zinuke.

Siku ya kuamua, komite imuite shofere na fundi kwenye mkutano, na karatasi za gari ziwe mezani. Kama muuzaji hawezi kuonyesha namba zilizoandikwa kwenye kiungio, mutafute muuzaji mwingine.