Thamostati: Mlango wa Maji wa Injini

Mwaka jana kikundi kimoja cha wakulima wa hapa Ulemo kilipakia mpunga huko Shelui katika pikapu yao. Nami nilipewa lifti. Tulipokuwa tunapanda mlima Sekenke, mshale wa joto ulifika kwenye nyekundu. Dereva akasimama, akafungua mfuniko wa rejeta papo hapo. Maji ya moto yaliruka yakamwunguza mkono na kifua. Alilazwa juma zima. Fundi alipofungua injini alikuta silinda hedi imepinda. Chanzo chake ni kitu kidogo kinachoenea kiganjani: thamostati iliyokwama.

Thamostati ni nini?

Injini huunguza mafuta, kwa hiyo hupata joto jingi. Maji huzunguka ndani yake, hubeba joto hilo na kulipeleka kwenye rejeta. Thamostati ni mlango katika njia hiyo ya maji. Ndani yake mna nta. Injini ikiwa baridi, nta imeganda na mlango umefungwa. Maji huzunguka ndani ya injini tu, nayo hupata moto upesi. Joto likifika nyuzi kama 82 au 88, nta huyeyuka na kuvimba, ikausukuma mlango ukafunguka. Maji yakipoa, springi huufunga tena.

Je, tuing'oe?

Wako wanaosema, "Mwalimu, nchi yetu ni ya joto. Ing'oe, itupe!" Wanakosea. Hata jua la Oktoba hapa Singida halifikishi nusu ya joto linalotakiwa na injini. Bila thamostati, injini hukaa baridi mno. Hunywa mafuta mengi, oili huchafuka, na vyuma huchakaa mapema. Tena, katika baadhi ya injini thamostati huziba pia njia ya mkato. Ukiing'oa, maji mengi hupita mkato bila kufika kwenye rejeta. Injini itachemka zaidi.

Dalili za ubovu

Ikikwama imefungwa: mshale hupanda haraka, injini ni ya moto sana lakini rejeta bado ni baridi.

Ikikwama wazi: injini huchelewa kupata moto, hasa asubuhi za Juni na Julai.

Lakini angalia kwanza maji, mkanda wa feni na mipira. Usiilaumu thamostati kwa kosa la mwingine.

Namna ya kuibadilisha

1. Zima injini. Ngoja ipoe kabisa. Usifungue rejeta ya moto hata kama una haraka.

2. Kinga maji kwenye chombo. Kama yana dawa ya rejeta, weka mbali na watoto na mifugo. Dawa hiyo ni sumu.

3. Fungua kifuniko cha thamostati. Katika magari mengi kipo pale mpira wa juu wa rejeta unapoingia kwenye injini; mengine kipo upande wa mpira wa chini.

4. Pima. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, kisha chemsha. Ikikataa kufunguka hata maji yakitokota, ni mbovu. Ikiwa wazi tangu maji baridi, ni mbovu pia.

5. Nunua yenye namba ya joto sawa na ya zamani. Namba hiyo hugongwa kwenye chuma chake.

6. Kwangua gasketi ya zamani, weka mpya. Upande wa springi uelekee ndani ya injini. Kama ina kitundu kidogo cha kutolea hewa, kiwe juu.

7. Jaza maji, washa injini, toa hewa yote. Ikisha kupoa, ongeza maji.

Matunzo

Maji ya visima vyenye chumvi huacha ukoko, kama ule wa ndani ya birika. Ukoko huo hukwamisha thamostati na kuziba rejeta. Tumia dawa ya rejeta iliyochanganywa na maji safi. Kama huna, maji ya mvua yaliyochujwa ni afadhali kuliko ya chumvi.

Kile kikundi kililipa gharama ya silinda hedi kwa sababu ya kifaa cha bei ndogo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini dereva aliungua?

2. Mwenzako akisema ing'olewe, utamjibu nini?

3. Gari au trekta la kijiji chenu linatiwa maji gani?