Jina si Ukoo: Kutambua Mimea ya Jamii ya Nyanya

Kando ya barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, katika magenge ya Kerege, mafungu ya nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili na viazi hupangwa bega kwa bega. Mnunuzi wa kawaida huchagua apendacho. Lakini kwa mtu ambaye mwili wake haupatani na baadhi ya vyakula hivi, kila fungu ni swali. Mwanafunzi aliyeshauriwa na daktari ajiepushe na nyanya na jamaa zake atawatambuaje jamaa hao? Akikosea upande mmoja, atadhurika. Akikosea upande wa pili, atajinyima chakula chema bila sababu.

Majina yanavyopotosha

Wataalamu wa mimea huiweka nyanya katika jamii iitwayo Solanaceae, yenye aina zaidi ya 2,000 duniani. Miongoni mwake zimo bilinganya, nyanya chungu au ngogwe, mnavu, kiazi mviringo, pilipili kali na pilipili hoho. Humo pia umo mtumbaku, na mimea ya porini yenye sumu kama mnanaha na ule mtunguja wenye matunda ya manjano, ambao sehemu nyingi huitwa ndulele.

Majina ya sokoni hayafuati ukoo huo. Pilipili manga haina udugu wowote na pilipili hoho. Pilipili manga asili yake ni India, nayo ilifika pwani ya Afrika Mashariki kwa biashara ya Bahari ya Hindi. Pilipili kali na hoho asili yake ni Amerika, nazo zilianza kuenea duniani baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Zilipofika huku zilipewa jina la kiungo kilichojulikana tangu zamani, kwa kuwa zote zinawasha. Hata kinachowasha si kimoja: katika pilipili kali ni kapsaisini, na katika pilipili manga ni piperini.

Hali ni hiyo hiyo kwa viazi. Kiazi mviringo, kinacholetwa pwani kutoka nyanda za juu kama Njombe na Mbeya, ni shina lililovimba chini ya ardhi. Yale yaitwayo macho ya kiazi ni machipukizi ya shina hilo. Kiazi kitamu ni mzizi, nacho ni cha jamii nyingine. Kwa hiyo asiyepatana na kiazi mviringo hana sababu ya kuogopa kiazi kitamu, matembele, muhogo wala kisamvu kwa kudhani kuwa ni ukoo mmoja.

Alama za ukoo

Ua ndilo shahidi bora kuliko jina. Maua ya jamii hii kwa kawaida yana petali tano zilizoungana chini, mara nyingi kwa umbo la nyota, na stameni tano. Ua la nyanya ni la manjano, la bilinganya ni la zambarau, na la mnavu ni dogo na jeupe. Katika mengi yao stameni za manjano husimama pamoja katikati kama pia ndogo. Tunda la mimea hii ya chakula, likikatwa, huonyesha mbegu nyingi ndogo zilizo bapa. Punje ya pilipili manga ina mbegu moja tu, na mmea wake ni mtambaazi unaopanda juu ya miti.

Iliki, tangawizi, manjano, mdalasini, karafuu na bizari nyembamba zote ni za jamii nyingine. Hatari imo katika vilivyochanganywa. Bizari ya mchuzi iliyosagwa huweza kuwa na pilipili kali ndani yake. Achari na bajia huwa nayo mara nyingi. Kachori hutengenezwa kwa viazi mviringo. Rangi nyekundu ya mchuzi yaweza kuwa imetokana na nyanya ya kopo. Ni vema kuuliza muuzaji, kusoma maandishi ya pakiti, au kununua viungo vizima na kusaga nyumbani.

Mambo matatu yasichanganywe

Kwanza ni mzio, ambapo kinga ya mwili hukipiga vita chakula. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, wala asijaribu tena chakula hicho nyumbani. Pili ni tumbo kutostahimili chakula fulani, jambo linalosumbua lakini kwa kawaida halihatarishi maisha. Tatu ni sumu yenyewe, ambayo humdhuru mtu yeyote. Solanini, iliyotenganishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1820 kutoka matunda ya mnavu wa Ulaya, huongezeka katika kiazi kilichogeuka kijani au kuchipua, na kuchemsha hakuiondoi. Kiazi cha namna hiyo kisiliwe, hata na mtu asiye na mzio wowote.

Anayeshuku kuwa tumbo lake halistahimili jamii hii aweza, kwa ushauri wa mganga, kuacha vyakula vyote vya jamii hiyo kwa wiki chache, kisha kurudisha kimoja kimoja huku akiandika matokeo. Mara nyingi huonekana kuwa kinachosumbua ni kimoja tu, wala si ukoo mzima. Kwa watu wengi vyakula hivi ni lishe bora, na kuviacha bila sababu ni hasara. Anayelazimika kuviacha hakosi kitoweo pwani: samaki wa nazi aliyekolezwa kwa ukwaju, ndimu au embe bichi hahitaji nyanya.

Zoezi la darasani

Wanafunzi walete maua ya nyanya, bilinganya, mnavu na kiazi kitamu, wahesabu petali na stameni, kisha wachore wanachokiona. Ua la kiazi kitamu, lenye umbo la faneli, litajitenga lenyewe. Mmea wa porini usionjwe kamwe, na mikono ioshwe baada ya kazi.