SIMU YA UPEPO NDANI YA MTUMBWI

Wako wengi wetu hapa mjini ambao wazee wao wako Lituhi, Liuli, Mbamba Bay na vijiji vingine vya mwambao wa Ziwa Nyasa, mwambao uliokuwa wa Wilaya ya Mbinga mpaka Wilaya ya Nyasa ilipoanzishwa mwaka 2012. Akitokea kijana amepata vijisenti, hufikiria kumpelekea kaka au mjomba anayevua usipa usiku simu ya upepo ya mkononi, ili siku mambo yakiharibika aweze kuita msaada. Wazo hilo ni jema sana. Ziwa lile lina kina cha mita 700 hivi, na upepo wa kusini, ule uitwao mwera, huvuma kwa nguvu miezi ya Mei hadi Agosti na kuinua mawimbi yasiyochezewa na mtumbwi wa mti mmoja.

Taabu huanza dukani. Simu za upepo za walinzi na zile za majini hufanana kwa sura, na muuzaji asiyejua atakuambia ni kitu kile kile. Sicho. Ya majini ina chaneli zilizokubaliwa dunia nzima, na iliyo kubwa kuliko zote ni chaneli 16, ndiyo ya kuitana na ya kuomba msaada. Chaneli hiyo ni moja kwa Mtanzania na kwa Mmalawi wa ng'ambo. Tena imezibwa maji yasiingie. Ukiona imeandikwa IPX7, maana yake inavumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30. Nyingine huelea zikianguka, na kwa ziwa lenye kina kile, mimi ningelipia nyongeza hiyo bila kunung'unika. Kabla ya kutoa fedha, uliza Mamlaka ya Mawasiliano, yaani TCRA, habari za kibali, maana masafa ya redio hayatumiwi kiholela.

Sasa, inafika wapi? Mawimbi ya simu hii huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi, hayapindi kufuata mviringo wa dunia. Watu wawili waliosimama kila mmoja katika mtumbwi wake, kwa hesabu, wanaweza kusikizana kilomita 10 hivi. Kwa kweli ya ziwani, mawimbi yakiwa yanapanda na kushuka, tuseme 5 hadi 8. Meli yenye antena ndefu itamsikia mvuvi kutoka kilomita 20 hivi. Wala si nguvu ya betri inayoamua hapo. Ni urefu wa antena kutoka majini. Na hapa ndipo mwambao wa Ruvuma ulipobarikiwa, kwa kuwa milima imekaa karibu kabisa na maji. Simu ya pili ikiwekwa katika nyumba iliyo kilimani, mita 100 juu ya ziwa na inayoona maji, hesabu inapanda kupita kilomita 40. Hata tukipata nusu yake, ni faida kubwa. Ikiwekwa ufukweni nyuma ya mwamba, haisaidii kitu.

Nimesema simu ya pili kwa sababu simu moja ni pambo. Mwaka 1912 meli ya Titanic ilipokuwa ikizama, meli ya Californian ilikuwa karibu, lakini fundi wake wa redio alikuwa amezima mitambo na kulala. Nasi tuna kisa chetu pale pale Liuli, enzi hizo ikiitwa Sphinxhaven. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa, mara Gwendolen ya Waingereza ikaja na kuipiga mizinga. Nahodha Mjerumani hakuwa amepata habari kwamba vita vimeanza! Kwa hiyo nunueni mbili, na kijiji kikubaliane nani anakesha akisikiliza usiku wa uvuvi, kwa zamu.

Namna ya kuita ni nyepesi, ila ifundishwe kabla ya hatari. Chaneli 16, nguvu kubwa, bonyeza kitufe, ngoja kidogo, kisha sema "Mayday" mara tatu, litamkwalo "medei". Taja jina la chombo mara tatu, mahali mlipo, kilichotokea, na idadi ya watu. Mahali patajwe kwa alama za nchi kavu: tuko mbele ya Liuli, mwendo wa saa moja wa kupiga kasia. Halafu achia kitufe. Wengi husahau hili, na anayebonyeza hawezi kusikia jibu. Neno Mayday ni la roho za watu zilizo hatarini. Bei ya usipa itafutiwe chaneli nyingine.

Matunzo nayo. Wavuvi wa Nyasa wana nafuu moja juu ya wenzao wa Pwani, kwamba maji yao hayana chumvi ya kula chuma. Lakini mchanga na magamba ya samaki huingia penye mpira wa kuzibia betri, na unywele mmoja tu hapo huruhusu maji. Ufutwe kwa kitambaa safi kila betri inapotolewa. Simu isishikwe kwa antena kama kuku ashikwavyo miguu, wala kitufe cha kusemea kisibonyezwe antena ikiwa imetolewa, maana mtambo waweza kuungua. Betri isiachwe juani. Ikikaa wiki nyingi bila kazi, iwekwe ikiwa nusu. Kusema hula umeme mara kumi na zaidi kuliko kusikiliza, kwa hiyo wanaoongea karibu watumie nguvu ndogo, wati 1. Ikitumbukia majini, itikiswe huku tundu za spika zikitazama chini, kisha ikauke kivulini. Mekoni, juu ya moto, isiwekwe kamwe.

Na ifungwe kamba, kamba ifungwe kwa mvuvi mwenyewe, kwani mtumbwi ukipinduka kilichofungwa kwenye ubao huenda na ubao.