Kwa nini foto nyeusi na nyeupe inatoka rangi ya majivu

Mara nyingi inafika siku ya kilio. Familia inaleta studio foto ndogo ya marehemu, pengine ile ya karti ya mpiga kura, inaomba ikuzwe, itolewe nyeusi na nyeupe, iwekwe ku kadre mbele ya sanduku. Foto inatoka: suti ya mzee, ambayo ilikuwa nyeusi tii, imekuwa majivu, na nywele zimepotelea ku ukuta wa nyuma. Studio inasema wino ni mubaya. Familia inasema imeibiwa. Mara nyingi wino haina kosa.

Tuanze na karatasi. Ile ya fotokopi inanyonya wino kama sponji: wino inazama ndani, na weupe wa karatasi unabaki ukichungulia. Karatasi ya foto ina ngozi inayoshika wino pale juu. Nyeusi nzuri ku karatasi yenye kung'aa inarudisha chini ya 1% ya mwanga. Ku ile isiyong'aa, hata ya bei kali, inarudisha karibu 2 au 3%. Ni kidogo kwa hesabu, lakini jicho linaona mbio. Anayependa isiyong'aa, kwa kuwa taa haimulike juu yake, ajue analipa kwa nyeusi.

Kisha kuna jambo ambalo studio nyingi zinasahau. Imprimanti nyingi za bei ya chini hazitambui karatasi uliyoweka. Zinaamini tu kile kimechaguliwa ku kompyuta. Ukiacha “karatasi ya kawaida” wakati umeweka ya kung'aa, wino inapimwa vibaya. Tena, mashini nyingi zina nyeusi ya maandishi iliyotengenezwa na vumbi laini sana. Nyeusi hiyo haishikamani na karatasi ya kung'aa: pitisha kidole, inafutika. Ndiyo maana ukichagua karatasi ya foto, mashini kama hiyo inaweka nyeusi ile pembeni na kuchanganya rangi tatu, bluu, nyekundu na njano, ili ipate nyeusi. Wino ya kujaza isiyo ya mashini ile ndiyo inaharibu hapa: koti linakuwa la kijani ao kahawia. Mashini kubwa za foto zina nyeusi mbili, moja ya karatasi ya kung'aa na nyingine ya isiyong'aa. Ukikosea, nyeusi inalegea.

Wengine wanadhani dawa ni kumwaga wino zaidi. Hapana. Karatasi ikishiba, wino inatambaa pembeni, na uso wa baba unakuwa doa.

Lakini kosa kubwa linaweza kuwa limeshaingia mbele ya mashini. Foto ya zamani iliyopigwa tena na simu, taa ikimulika juu yake, inakuwa na ukungu. Kompyuta inahesabu kutoka 0, nyeusi kabisa, mpaka 255, nyeupe kabisa. Kama sehemu yenye giza zaidi ya foto iko ku 40, hakuna wino itakayoishusha yenyewe. Fundi anapaswa kuivuta mpaka karibu na 0, polepole, akiangalia nywele: akizidisha, zote zinakuwa kofia. Na atumie kopi. Ile ya kwanza isiguswe, kwa sababu pengine hakuna ingine.

Mbele ya kutoa kubwa, studio inaweza kutoa kipande kidogo, uso na bega la koti tu. Wino kidogo inapotea, na mama wa marehemu anaweza kuiangalia nje, kwa mwanga wa mchana, aseme kama ndiye. Wakati wa mvua wino inakawia kukauka. Kioo kikiwekwa mbio juu yake, kinashikamana na foto, na siku ya kukitoa uso unabaki ku kioo.