Benjamin Mkapa: mhariri wa magazeti aliyepatanisha Kinshasa na CNDP

Huko Kalengera, kwenye barabara ya Goma–Rutshuru, hakuna anayehitaji kuelezewa M23 ni nani. Kinachosahaulika ni kwamba jina hilo ni tarehe: 23 Machi 2009, siku ambayo serikali ya Kongo na waasi wa CNDP walitia sahihi makubaliano ya amani mjini Goma. Mmoja wa wapatanishi wawili alikuwa Benjamin William Mkapa, rais wa zamani wa Tanzania, mtu aliyeanza kujulikana kwa kazi ya magazeti.

Mkapa alizaliwa tarehe 12 Novemba 1938 katika kijiji cha Lupaso, wilaya ya Masasi, kusini mwa Tanzania. Alisoma Kiingereza katika chuo kikuu cha Makerere, Uganda, na kumaliza mwaka 1962. Mwaka 1966 akawa mhariri wa The Nationalist na Uhuru, magazeti ya chama cha TANU. Mwaka 1972 akaongoza Daily News, gazeti la serikali. Miaka miwili baadaye, Rais Nyerere akamchukua kuwa mwandishi wake wa habari.

Kisha akawa balozi katika Nigeria, Canada na Marekani, waziri wa mambo ya nje, waziri wa habari na waziri wa elimu ya juu. Aliongoza Tanzania kama rais kuanzia 1995 hadi 2005. Ni katika miaka hiyo kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa kupokea Wakongomani waliokimbia vita vya 1996.

Utawala wake ulikuwa pia na doa. Januari 2001, polisi waliwaua waandamanaji wa upinzani huko Zanzibar, wengi wao kisiwani Pemba. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka 2019, Mkapa alisema anajutia mauaji hayo.

Mwishoni mwa Oktoba 2008, wapiganaji wa Laurent Nkunda waliteka Rutshuru, na wakaaji wengi wakakimbia. Mkapa na Olusegun Obasanjo wa Nigeria waliteuliwa kusuluhisha. Mazungumzo yalianza Nairobi mwezi wa Desemba. Mapema mwaka huo, Mkapa alikuwa amesaidia Kofi Annan kutuliza ghasia za baada ya uchaguzi nchini Kenya.

Makubaliano ya Goma yalisema wazi: CNDP igeuke chama cha siasa, wapiganaji wake waingie katika jeshi na polisi, wafungwa waachiliwe, wakimbizi warudi kwao. Kamati za ufuatiliaji pia ziliandikwa humo. Lakini mwaka 2012, maofisa waliotoka CNDP waliasi wakisema serikali haikutimiza ahadi. Tarehe ya amani ikawa jina la vita.

Mkapa alifariki Dar es Salaam tarehe 24 Julai 2020. Mwishoni mwa 2021, M23 ilianza tena kupigana katika Rutshuru, na Januari 2025 iliingia Goma. Julai mwaka huohuo, serikali na waasi walitia sahihi tamko la kanuni mjini Doha. Kwa mkaaji wa Kalengera anayetaka kulima shamba lake bila kukimbia, swali la 2009 linabaki lilelile: baada ya sahihi, nani atasimamia kila kifungu hadi kitimizwe?