Spoku Zikilegea Ringi Inapasuka: Kwa Wenye Pikipiki za Kitoroli cha Pembeni

Leo tuache kidogo mambo ya picha za bidhaa na kujibu meseji haraka. Tuongelee kinachobeba mzigo baada ya mteja kulipa: pikipiki yako, hasa ile uliyoifungia kitoroli cha pembeni, wengine wanaita sidekaa. Kwetu si nyingi kama guta na bajaji, ila zipo, na anayepeleka maji, unga au kreti za vinywaji anajua faida yake.

Mimi nina duka la spea, nauza dukani na mtandaoni. Shule niliishia kidato cha nne, haya mengine nimeyapata kwa kukaa na mafundi na kushika spana mwenyewe. Na ninachokiona ni hiki: wengi wanaokuja kununua ringi, ringi yao haikuchoka. Spoku zililegea mwezi mzima na hakuna aliyezigusa.

Elewa kwanza kwa nini. Pikipiki ya kawaida ikikata kona inalala. Ikilala, uzito unapita sawasawa na tairi, na spoku zimefungwa kwa kazi hiyo. Ukishafunga kitoroli, hailali tena. Inakata kona ikiwa imesimama kama gari, na tairi zinasukumwa ubavuni. Angalia bajaji: ringi zake ni za bati gumu, hazina spoku hata moja. Sasa wewe umechukua tairi za kulala ukazipa kazi ya bajaji. Inawezekana, ndiyo. Ural za Urusi, ambazo ukoo wake ulianza na M-72 ya jeshi la Kisovieti mwaka 1941, zimetembea kwenye tope na theluji na vitoroli vyake kwa tairi za spoku. Lakini zile zimeundwa zivute kitoroli. Yako imeundwa ibebe watu wawili.

Spoku inafanya kazi kwa kuvutwa. Kila tairi ikizunguka, spoku inayofika chini inapungukiwa mvuto kidogo, ikipanda juu inavutwa tena. Ikiwa imekaza vizuri, tofauti ni ndogo. Ikiwa imelegea, kule chini inalala kabisa halafu inashtuliwa, maelfu ya mara kwa safari moja. Haikatiki siku hiyo. Inachoka pale ilipopinda kwenye habu. Na jirani zake wanabeba mzigo wake, wanavuta ringi pale kwenye matundu, na ufa unaanzia hapo kwenye tundu. Ndo maana ukikuta spoku moja imekatika, usibadilishe hiyo tu ukaondoka. Gusa zote.

Piga hesabu na mimi. Dumu la maji la lita 20 ni kilo 20. Ukipanga madumu nane kwenye kitoroli, ni kilo 160, hujaweka uzito wa kitoroli chenyewe wala dereva. Kuna kijana wa mtaa wetu anasambaza maji hivyo hivyo, tairi ya kitoroli ilikunjika kama sahani kwenye kona, barabara ya vumbi. Bahati alikuwa anaenda taratibu na nyuma hakukuwa na gari. Madumu yalimwagika, oda za siku mbili zikaenda kwa mpinzani wake, na wateja wengine hawajarudi mpaka leo. Tairi ilipofunguliwa, spoku sita zilikuwa zinacheza kwa vidole.

Kuzipima hakuhitaji fundi. Asubuhi, kabla ya kupakia, nyanyua tairi isiguse chini. Chukua kijiko au bisibisi, gonga spoku moja moja huku ukizungusha. Iliyokaza inalia tii, iliyolegea inatoa sauti ya kufa, kama kugonga kuni. Weka alama ya chaki unapoanzia. Pikipiki nyingi zetu zina spoku 36 kila tairi, kwa hiyo zote tatu ni 108. Ukizoea ni dakika kumi. Fanya kila wiki. Tairi iliyofungwa spoku mpya irudie baada ya siku chache za kazi, maana spoku mpya hukaa sawa taratibu na kulegea.

Kukaza ndipo watu wanapoharibu. Tumia spana ya spoku, siyo koleo, koleo linakula kona za nati. Ukiwa unaangalia kutoka katikati ya tairi kwenda nje, kukaza ni kinyume na mshale wa saa. Robo mzunguko tu kila mara. Usikaze moja mpaka mwisho halafu uende inayofuata, utaivuta ringi upande. Anza ya kwanza, ruka mbili, kaza ya nne, ruka mbili, ya saba, hivyo hivyo, ukimaliza anza na ya pili. Mizunguko mitatu umegusa zote. Na usiwe na nguvu za kuonyesha: spoku iliyokazwa kupita kiasi nayo inapasua ringi kwenye tundu, tena haraka. Ikibidi kukaza sana, fungua tairi uangalie ndani, ncha ya spoku ikitokeza juu ya nati inatoboa tyubu.

Halafu funga kipande cha waya kwenye foksi, ncha yake ikaribie ringi, zungusha. Ringi ikicheza zaidi ya milimita 2, kushoto na kulia au juu na chini, mpelekee fundi anayejua kunyoosha.

Upepo je? Tairi yenye upepo mdogo inaacha ringi igonge shimo moja kwa moja, ikibonyea pembeni ufa hauko mbali. Pima asubuhi tairi ikiwa baridi. Mzigo mzito uweke chini, karibu na pikipiki, usawa wa ekseli ya kitoroli. Kitoroli kikiwa kushoto na kitupu, kona ya kushoto inakinyanyua, dereva anashtuka, kinadondoka kwa kishindo kwenye ringi ile ile.

Walioko pwani, chumvi inagandisha nati za spoku. Osha kwa maji baridi ya bomba, kausha, tone la oili kwenye kila nati. Oili isifike kwenye breki, tafadhali.

Kutafuta ufa, hii nilifundishwa na fundi mzee na inafanya kazi. Safisha ringi, paka mafuta ya taa kwa kitambaa kuzunguka matundu, mbali na tairi na breki. Subiri kidogo, futa pakauke kabisa, kisha paka unga wa chaki. Penye ufa, mafuta yaliyojificha ndani yanatoka na kuchora mstari mweusi mwembamba kwenye chaki. Angalia pia palipoungwa ringi na palipobonyea. Michirizi ya kutu inayotoka kwenye tundu ni dalili.

Ukikuta ufa, usichomelee. Najua utaambiwa inawezekana. Ringi ya alumini ikipata moto inapoteza ugumu wake, na ya chuma itapasuka pembeni ya weldingi. Badilisha.

Na wewe unayeuza spea mtandaoni, usimtumie mteja spoku kwa jina la pikipiki tu. Za mbele na za nyuma hazilingani urefu, unene nao unatofautiana, na kwenye habu nyingine hata pande mbili za tairi moja hazilingani. Mwambie atoe moja ya zamani, ailaze juu ya rula, apige picha, kisha ahesabu matundu ya ringi. Ukipata vitu hivyo viwili ndo ufunge mzigo, la sivyo utalipa nauli ya kurudisha.